Kupe ya Tata Mukubwa

Mwezi uliopita nilikwama nyuma ya lori la madini kwenye barabara ya kuingia Kolwezi. Mvua ilikuwa inanyesha, nimefunga vioo vyote, na moshi wa lile lori ukapenya ndani ukachanganyika na harufu ya zulia lililolowa chini ya miguu yangu. Sikumbuki kufungua mlango. Nilijikuta tu nimesimama nje kwenye matope, magari yananipigia honi, na mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mikate kando ya barabara ananiuliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba ni harufu tu. Alinitazama vile watu wanavyomtazama mtu anayeficha jambo.

Wale wa umri wangu waliokulia kambini, kwenye zile nyumba za matofali za wafanyakazi wa kampani, wanaweza kuwa wanalikumbuka gari ninalolisema. Lilikuwa gari la mbio, la zamani hata wakati ule, lenye milango miwili na rangi ya kijani iliyokwisha kupauka kama jani la mhogo juani. Lilikaa chini mno, mtu mzima akiingia ilibidi aanze kwa kujikunja. Mhandisi mmoja mzungu alimwachia Tata Mukubwa Kalonji, kaka mkubwa wa baba yangu, alipokuwa anarudi kwao moja kwa moja. Gari la namna hiyo kwa Kifaransa linaitwa kupe, na kambi nzima ikasema hivyohivyo: kupe ya Kalonji. Mimi nilimjua kupe mmoja tu, yule mdudu aliyekuwa anajibana kwenye masikio ya mbuzi wa jirani yetu, ananyonya mpaka anavimba kama punje ya mahindi iliyochemshwa. Hakuna aliyenieleza kwamba hayo ni maneno mawili. Nikaamini kwamba gari lilipewa jina kwa tabia yake.

Tata Mukubwa alikuwa fundi wa pampu kule Mashamba, kwenye mashimo makubwa ya shaba. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye kikohozi kifupi kikavu cha watu wa vumbi, ambacho alikitoa kila alipotaka kuanza kusema. Kupe ilikuwa na makelele ya ajabu. Bomba lake la moshi, eshapma kama tunavyoliita kwetu, lilikuwa limeliwa na kutu, na gari likivuka reli kule mbali sisi tuliokuwa nyumbani tulilisikia linanguruma. Hapo Kaku, bibi yangu, mama wa baba na wa Tata Mukubwa, alikuwa anainuka na kuweka maji ya bukari, ugali wetu, kwenye moto. Tata Mukubwa alipokuwa anaingia kwenye parsele yetu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, maji yalikuwa yanachemka na unga uko tayari kando. Kaku hakuhitaji saa. Alikuwa na mwanawe.

Siku aliyokufa ilikuwa mvua kubwa. Alikuwa anatoka kazini, na inaonekana barabara ilimpotea machoni kwa maji, akasimamisha gari pembeni angoje ipungue. Hakuzima injini. Wenzake wa kazi walimkuta jioni ileile, vioo vimefungwa, injini bado inanguruma, yeye ameegemea usukani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Hakuwa na jeraha. Watu waliomwosha walirudi wakinong'ona kwamba midomo yake ilikuwa myekundu. Mimi nilikuwa chini ya meza nasikiliza, na sikushangaa hata kidogo. Kupe ilikuwa imefanya kazi yake.

Wakubwa nao walikuwa na kupe wao. Mke wa Tata Mukubwa, ambaye nilimwita Mama Mukubwa, alikuwa mtu wa Sandoa, mwenyeji wa hukuhuku Katanga. Sisi asili yetu ni Kasai, babu zetu waliletwa kufanya kazi ya madini, na katika ukoo wetu kulikuwa na watu ambao hawakuisamehe ndoa ile tangu mwanzo. Hakuwa amezaa. Aliongea kidogo. Kwenye matanga hakulia kwa sauti ambayo watu waliitaka. Mtu mwenye afya akifa bila jeraha lazima awepo aliyemla, na macho yote yakaenda upande mmoja. Kaku ndiye aliyelisema wazi, mbele ya watu wa kanisa, kwamba ni yeye: "Ule mwanamuke njo alikula mutoto wangu." Baada ya hapo hakumtaja tena kwa jina.

Ndugu walichukua vitanda, friji, radio, hata mapazia. Nyumba ya kampani ikapewa mfanyakazi mwingine. Kitu kimoja tu hakuna aliyekigusa, gari alilofia mtu. Hivyo Mama Mukubwa alibaki na kupe, na baba yangu, ambaye katika ukoo mzima ndiye peke yake aliyekataa kumfukuza, alimpa chumba cha nyuma katika parsele yetu. Vijana walilisukuma gari mpaka kwetu, wakiligusa kwa ncha za vidole. Likawekwa kati ya chumba chake na mlango wa Kaku, ambaye naye alikuwa anaishi kwetu. Wanawake wawili, uwanja mmoja, na mmoja akienda bombani kuchota maji mwingine alingoja mpaka amerudi.

Kila Jumamosi asubuhi Mama Mukubwa aliwasha injini ili betri isife. Alilifanya jambo hilo kwa uso wa mtu anayelisha mnyama wa marehemu. Na kila injini ilipoanza kunguruma, mlango wa Kaku ulifunguka. Alitoka na kigoda, akakaa akiwa amelipa gari mgongo, mikono mapajani, akasikiliza. Hakutazama nyuma hata mara moja. Injini ikizimwa aliinuka na kuingia ndani. Mama yangu alituambia tusicheze wakati huo, na sisi batoto tulisimama ukutani kama watu walioko misani. Ukifumba macho, kwa dakika ile, Tata Mukubwa alikuwa anavuka reli.

Nililiogopa gari lile, na kila nilipoliogopa nililisogelea zaidi. Mama Mukubwa aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, zawadi ambayo baba yangu alimpa kakaye nilipozaliwa. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye mchana. Jumamosi moja nilimwomba nikae ndani. Alisita, kisha akanifungulia mlango, nikapanda kwenye kile kiti kidogo cha nyuma ambacho hata mtoto anakaa akiwa amekunja magoti. Zulia lilikuwa linanuka unyevu. Akawasha injini. Kaku alikuwa ametoka na kigoda chake kama kawaida, na mahindi yake yalikuwa yameanikwa kwenye mashuka pembeni, maana ulikuwa mwanzo wa majira ya mvua na kila mtu alikuwa anawahi jua.

Mvua ilikuja kwa ghafla, kama inavyokuja kwetu. Mama Mukubwa alipandisha vioo nisilowe, akaniambia nitulie, akakimbilia mahindi injini ikiwa bado inanguruma. Kaku alikuwa hawezi kuinama haraka. Kupitia kioo nilimwona Mama Mukubwa anakusanya mashuka ya mwanamke asiyemsemesha, anayakokota hadi kwenye baraza, anarudi, anapiga magoti kwenye matope kuokota punje zilizomwagika. Nilitaka kucheka. Kisha kichwa kikaanza kuniuma, ukaja usingizi mtamu ambao sijaupata tena maishani, mzito na wenye joto, kama kufunikwa blanketi na mtu anayekupenda. Ndani ya usingizi ule nikasikia kikohozi kifupi kikavu nyuma ya sikio langu. Nikajua ni nani. Nikangoja aanze kusema.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala matopeni, mvua inanipiga usoni, ninatapika. Mama Mukubwa alikuwa amenishika kichwa. Mama yangu analia. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani. Mtu akaniuliza kilichotokea, nami nikasema nilichokijua: Tata Mukubwa alikuwa nyuma yangu, alikuwa anataka kuniambia kitu.

Watu walirudi nyuma wakamwacha Mama Mukubwa peke yake na mimi mikononi mwake, kisha mama yangu akaja akaninyang'anya. Sauti zikaanza. Wakasema amekula mume, sasa amerudia mtoto, tena mtoto mwenye jina la mama yake, kwa hiyo ilikuwa imepangwa tangu nilipozaliwa. Vijana wakaanza kusema gari lichomwe, na mmoja akasema si gari tu. Ndipo mtu akaiona ndala yangu. Ilikuwa chini ya gari, katikati kabisa, kwenye matope, wakati mimi niliingia nimezivaa zote mbili na milango ilikuwa imefungwa. Watu waliitazama ndala ile kama wanatazama mkono wa maiti. Kaku alikuwa kwenye baraza, karibu na mahindi yake yaliyookolewa.

Baba yangu hakuwa mtu shujaa. Nimempenda maisha yangu yote na naweza kulisema hilo. Lakini alikuwa mtu wa kutopenda kitu kisichokaa mahali pake. Alilala kifudifudi matopeni, akiwa na suruali yake nzuri ya Jumamosi, akaivuta ile ndala. Akaigeuza. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akafungua mlango, akasukuma kiti mbele, akakamata zulia la nyuma, lililokuwa limechanika pale nilipoweka miguu, na kulivuta, nalo likatoka vipande vipande kama mkate uliooza. Chini yake palikuwa na tundu. Bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu, na chini ya tundu lile, karibu sana hata ungeweza kuligusa, lilikuwa bomba la moshi, nalo limepasuka juu kama midomo.

Alimwambia Mama Mukubwa awashe injini. Akaingia, akawasha. Moshi ukapanda kupitia sakafu, polepole, wa bluu, ukajaa mahali pale nilipokuwa nimekaa, ukatafuta vioo na haukupata pa kutokea.

Mvua ilikuwa imepungua. Mtu mmoja wa kanisa akavua kofia. Baadhi ya watu waliondoka bila kusadiki, na nimekutana nao uzeeni mwao wakiwa bado hawasadiki, wakiniuliza kama bado namsikia yule marehemu. Lakini vijana walitawanyika, na hakuna aliyezungumzia moto tena. Nilipomtafuta Kaku kwa macho, baraza ilikuwa tupu na mlango wake umefungwa. Hakutoka kula jioni hiyo wala kesho yake. Mama yangu alimpelekea uji, akaupokea kwa mkono kupitia upenyo wa mlango.

Baba alitaka gari liuzwe kama vyuma chakavu. Wanunuzi walikuwa wengi, Kolwezi haijawahi kukosa mtu wa kununua chuma. Mama Mukubwa akakataa, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anakataa kitu. "Nikiuzisha, batasema nilificha kisu," alisema. Alitaka kulitengeneza na kuliendesha mwenyewe, mchana, sokoni na kanisani, kila mtu amwone anaingia humo na anatoka mzima. Baba alimwelewa. Siku ya kwenda kwa mchomelea vyuma, tulipokuwa tumesimama tayari, mlango wa Kaku ukafunguka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa. Hakuomba ruhusa. Baba aliendesha vioo vikiwa vimeteremshwa vyote, Kaku mbele kando yake, mimi na Mama Mukubwa tukifuata kwa miguu, maana hapakuwa mbali, na tena mimi nisingeingia humo hata kwa fimbo.

Mchomelea vyuma aliitwa Tata Mwepu, mtu mpole aliyekuwa na uwanja uliojaa mabomba ya kila aina, mengine yametoka kwenye mashine za migodini, mengine kwenye malori yaliyokufa barabara ya Dilolo. Alilala chini ya gari, akatoka, akasema la zamani halina dawa, hata viraka havitashika. Sakafu angeifunika kwa bati zito. Kuhusu bomba, alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni bomba la asili la gari la aina ileile, alilolipata Lubumbashi. Lilikuwa zuri kwa macho, lenye ncha mbili zinazong'aa. Mama Mukubwa akaligonga kwa kifundo cha kidole na vumbi jekundu likamwagika kutoka ndani. Akalirudisha.

La pili lilikuwa bomba moja lililonyooka, chuma kinene cha mgodini, lisilo na lile kopo la kumeza sauti. Tata Mwepu akalifunga kwa waya ili tulisikie. La tatu lilikuwa la pikapu, lenye kopo kubwa baya kama ndoo, ambalo alituonya kwamba litakwaruza kwenye mashimo ya barabara kwa kuwa gari lenyewe liko chini. Kwa kila moja Mama Mukubwa aliuliza swali lilelile, moshi utatokea wapi, na hakukubali jibu la mdomo. Injini ikiwa inawaka, alipiga magoti, akapitisha kiganja chake taratibu kando ya maungio yote kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayetafuta pumzi kwenye pua ya mgonjwa.

Lile bomba lililonyooka lilipowashwa, uwanja mzima ulitikisika. Ilikuwa sauti ileile. Sauti ya kuvuka reli, ya maji ya bukari, ya Tata Mukubwa mzima mzima anarudi nyumbani. Nilijificha nyuma ya baba. Kaku alikuwa amekaa kwenye rimu ya lori, na safari hii hakugeuza mgongo. Alikuwa analitazama gari uso kwa uso, mdomo wazi, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Mama Mukubwa alimaliza kupima maungio, akainuka, akamwona. Akamwambia Tata Mwepu kwamba atachukua hilo.

"Ile hapana," Kaku akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu matanga. Tata Mwepu akazima injini.

"Mama, ile njo sauti yake," Mama Mukubwa akajibu. "Moshi haipite. Nimeangalia."

"Najua ni sauti yake." Kaku aliongea akitazama mikono yake. "Alitaka kubadirisha eshapma, mbele ya kufa. Alinunua ingine kabisa. Mi njo nilimukataza. Nilimuambia aache vile, nikuwe namusikia kutoka mbali."

Baba yangu aligeuka akatazama ukuta.

"Najua, mama," Mama Mukubwa akasema. "Nilikuwa pale."

Nilikuwa mtoto, lakini sote tulikuwa tumeliona tundu, na nilihesabu kama mtoto anavyohesabu: tangu siku ya ndala, Mama Mukubwa alikuwa na jiwe la kurusha mkononi, kwa kumjua aliyezuia bomba lisibadilishwe, na aliyemwita mchawi mbele ya kanisa alikuwa amelala nyuma ya mlango mmoja mwembamba, hana pa kukimbilia. Kaku naye alikuwa amelihesabu hilo, ndani mle, na uji wake. Aliinua uso.

"Na haukusema."

"Ningesema, ungebakia na nini?"

Kaku akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akanyoosha mkono kuelekea lile bomba la pikapu lenye kopo baya. "Tia ile ya kunyamaza," akamwambia Tata Mwepu. Ndilo lililotiwa.

Mama Mukubwa aliliendesha gari lile kwa miaka, na watu wakazoea kumwona. Aliuza vitambaa, alikwenda mpaka Likasi kuvifuata, na kila shimo la barabara lilikwangua lile kopo. Hakuna aliyemwomba msamaha. Aliendelea kuishi kwenye kile chumba cha nyuma, na siku moja niliona Kaku anamngoja pale bombani amalize kuchota, na wakarudi pamoja, kila mmoja na ndoo yake.

Lakini gari lilikuwa halisikiki tena. Lilivuka reli kimya, likakata kona kimya, ghafla likawa mlangoni, na Kaku hakuwa na namna ya kujua lini aweke maji. Hivyo alianza kutoka. Kila alasiri ambayo Mama Mukubwa alikuwa safarini, alibeba kigoda chake mpaka ukingo wa barabara, akakaa akiangalia upande wa reli, hadi vumbi la malori likazifanya nyusi zake nyeupe. Wapita njia walimsalimu na kumuuliza anamngoja nani. "Nangojea mwenye motoka," alikuwa anajibu, na hakuongeza.

Mara nyingi nilikaa naye. Kupe ilipotokea, alisimama kabla haijasimama, akainama kwenye dirisha akautazama uso wa aliyeshika usukani, kwa muda, kwa makini, kama mtu anayesoma jina ambalo silo alilolitarajia. Kisha alinyoosha mkono akaupokea mzigo wa Mama Mukubwa, na tukaingia ndani kupika.